Mzunguko wa Dar–Lushoto–Pangani–Bagamoyo kwa gari: anza na mlima, malizia pwani

Kwa mkazi wa Dar mwenye gari zima na siku tano za nafasi, sioni safari ya barabara inayompa mengi kuliko mzunguko huu: Bagamoyo, Msata, Segera, Mombo, kupanda Lushoto, kushuka hadi Tanga, kufuata pwani kupitia Pangani na Saadani, kisha Bagamoyo tena na nyumbani. Jumla ni kama kilomita 850. Ndani yake mna milima ya Usambara yenye baridi ya kuvalia sweta, mji wa bandari, mto unaovukwa kwa pantoni, na hifadhi ya taifa inayogusa bahari. Wengi huikata vipande: wikendi ya Lushoto na kurudi njia ileile, au Pangani peke yake kupitia Muheza. Si vibaya, ila uzuri wa njia hii uko kwenye kuiunganisha yote.

Wanaoiunganisha nao, wengi huanzia pwani kwa sababu Bagamoyo iko karibu na ramani inavutia. Ushauri wetu ni kinyume. Nenda kaskazini kwa lami, panda mlima kwanza, halafu urudi kwa pwani.

Sababu kubwa ni udongo. Katika mzunguko mzima, sehemu pekee inayoweza kukuzuia kabisa ni kati ya Pangani na Saadani. Ukianzia huko, unaamua ukiwa Dar bila kujua mvua ya juzi ilifanya nini. Ukiimalizia, unapata nafasi ya kuuliza. Tanga mjini waulize madereva wa magari ya Pangani. Ukifika Pangani, simama dakika kumi kando ya pantoni uangalie magari yanayotoka ng'ambo ya Bweni. Matope yakiwa yamefika kwenye vitasa vya milango, jibu umelipata. Hapo hujapoteza kitu: unarudi Tanga, Muheza na Segera kwa lami, na mlima umekwisha kuuona.

Sababu ya pili ni upande wa barabara. Kwetu tunaendesha kushoto, na ukitoka Pangani kuelekea kusini bahari iko kushoto kwako. Kila njia inayochepuka kwenda ufukweni unaingia bila kukata mbele ya gari linalokuja. Ya tatu ni Jumapili jioni: ukirudi kwa Bagamoyo unakwepa Chalinze, foleni ya malori ya mizani ya Vigwaza, na msongamano wa Kibaha hadi Kimara.

Gari lipi linafaa

Swali hili huulizwa kuliko yote, na jibu lina sehemu mbili. Mpaka Lushoto, Tanga na Pangani mjini, gari dogo kama IST au Vitz linatosha kabisa likiwa zima. Kuvuka Bweni kwenda Mkwaja na Saadani ni habari nyingine. Wakati wa kiangazi, gari lenye nafasi ya sentimita 19 au zaidi chini ya tumbo, kama RAV4, linapita bila shida kubwa hata kama si foo wili. Wakati wa masika, yaani Machi hadi Mei, tafuta foo wili ya kweli yenye matairi ya vipingo vikubwa, au kiache kipande hicho. Vuli ya Novemba na Desemba huwa na nafuu kidogo, lakini mvua ya usiku mmoja inatosha kubadilisha kila kitu.

Kinachoharibu safari hii mara nyingi si ukubwa wa gari, ni uzima wake. Wiki moja kabla ya kuondoka, mpelekee fundi na ukae hapo hapo aangalie mambo haya.

Breki kwanza. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hadi 12. Zikibaki chini ya milimita 4, badilisha, hata kama bado zinashika vizuri mjini. Oili ya breki ibadilishwe kama ina miaka miwili. Oili hiyo hunyonya unyevu taratibu, na unyevu wenyewe ukichemka kwenye mteremko mrefu hugeuka mvuke. Mvuke unabonyea, kwa hiyo pedali inakwenda chini laini na gari halisimami. Dereva wa Dar anaweza kukaa na oili chakavu miaka mitano bila kujua, kwa sababu foleni ya Mwenge haichemshi breki. Mteremko wa Soni unachemsha.

Pili, rejeta. Mafundi wengi hapa mjini wana tabia ya kutoa temostati, kifaa kinachodhibiti joto la injini, gari likichemsha mara moja, na wengine hujaza maji ya bomba badala ya kulanti. Mjini utaona mshale wa joto umetulia ukadhani mambo ni sawa. Kwenye mlima ndipo kutu na uchafu wa maji ya bomba huziba mirija ya rejeta na gari linachemka. Hakikisha temostati ipo, kulanti ipo nusu kwa nusu na maji safi, feni inawaka yenyewe injini ikipata moto, na mfuniko wa rejeta una mpira mzima.

Tatu, matairi. Soma namba nne za tarehe ubavuni: 2321 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2021. Zaidi ya miaka sita, usilipande nalo mlima hata kama meno bado yapo. Upepo ujazwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva, na ukaguliwe matairi yakiwa baridi. Tairi la akiba nalo lijazwe. Beba jeki inayofanya kazi, spana ya magurudumu, pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari, kamba ya kuvutia, sepetu na lita kumi za maji. Triango na mtungi wa kuzimia moto ni vya lazima kisheria, na trafiki ataviulizia.

Kabla hujaondoka, angalia pia kama gari lina deni la faini kwenye mfumo wa trafiki. Gari lililokodiwa au kuazimwa linaweza kuwa na faini za mtu mwingine, na utazikuta barabarani wakati usiotaka.

Dar hadi Segera

Toka saa 11 alfajiri. Si kwa ajili ya ushujaa, ni kwa sababu barabara ya Bagamoyo kati ya Mwenge na Bunju ikishajaa, unapoteza saa nzima kabla hujaona mnazi. Ukitoka mapema, Bagamoyo, kama kilomita 70, unaifikia saa 12 na nusu. Usiingie mjini. Bagamoyo tunaihifadhi kwa siku ya mwisho.

Kutoka hapo kuna barabara ya lami ya Makofia hadi Msata, kilomita 64, inayovuka bonde la Ruvu chini. Hii ni zawadi kwa wanaoelekea kaskazini: malori ni machache kuliko Morogoro Road, na asubuhi hewa ya bondeni ni safi. Angalizo ni ng'ombe na mbuzi wanaovuka, na bodaboda wanaoingia barabarani bila kugeuza shingo. Jaza mafuta Bagamoyo.

Msata unaingia barabara kuu ya Chalinze–Segera, na mambo yanabadilika. Sasa uko na mabasi ya Moshi, Arusha na Tanga, yote yana haraka. Kilomita chache mbele unavuka Mto Wami kwa daraja jipya lenye urefu wa mita 513.5. Lile la zamani la mwaka 1959 lilikuwa jembamba, gari moja linapita wakati jingine linasubiri, na mteremko wake ulishagharimu maisha mengi. Ukipita hapo leo kwa raha, kumbuka tu kwamba daraja limepona lakini mteremko bado upo, na lori lililokatika breki halichagui.

Mandera, Mbwewe, Mkata, Kabuku: kila kijiji kina kibao cha 50, na kati ya vibao hivyo kuna trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo. Kosa la kawaida ni dereva kuona nyumba zimekwisha akakanyaga mafuta. Nyumba si mpaka. Mpaka ni kibao cha 50 kilichokatwa mstari, na mara nyingi kiko mita mia kadhaa baada ya nyumba ya mwisho. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, lakini faini si jambo kubwa. Watoto wa shule huvuka hapo hapo. Angalia pia rasta na matuta, kwa sababu rangi ya baadhi yamefutika na unayaona ukiwa umeshafika.

Kulipita lori kwenye kipande hiki kunataka subira. Barabara inapanda na kushuka mawimbi mawimbi, na lori linaloonekana peke yake juu ya kilima linaweza kuwa limefuatwa na basi lililofichwa na mwinuko. Mstari mzima wa katikati uheshimu hata kama nyuma yako wanapiga honi.

Segera ni njia panda: kulia Tanga, kushoto Korogwe na Moshi. Shika kushoto. Korogwe ndipo mabasi mengi husimama kula, chakula kipo cha kila aina, vyoo ni safi kiasi. Ni mahali pazuri pa kunywa chai na kujaza mafuta.

Mombo hadi Lushoto: kilomita 33 za kuheshimu

Mombo iko kwenye tambarare yenye joto. Lushoto iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400. Tofauti ya kama kilomita moja kwenda juu inamalizwa ndani ya kilomita 33 za lami nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa mlima, njia ambayo asili yake ni zama za Wajerumani, waliouita mji huo Wilhelmstal. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili korongo lenye mto chini yake. Tenga saa nzima. Anayejisifu kuipanda kwa dakika 35 msikilize, halafu usimwige.

Kupanda, zima AC gari likianza kuwa zito, na usikae gia kubwa injini ikilalamika. Gari la manyuo (gia za mkono) litakuwa gia ya pili na ya tatu karibu muda wote. Otomatiki, zima O/D au weka kwenye S ili gia boksi isiwe inarukaruka juu na chini, maana kurukaruka huko ndiko kunakochemsha oili yake. Mshale wa joto ukipita katikati na kuendelea kupanda, tafuta sehemu pana, simama, acha injini iunguruke bila mzigo ili feni ifanye kazi. Mfuniko wa rejeta usiguswe kwa nusu saa.

Kwenye kona zisizoonekana, piga honi fupi kabla ya kuingia, kisha punguza sauti ya muziki usikilize kama kuna anayejibu. Coaster na Fuso za kabichi zinazoshuka huhitaji barabara yote kupinda. Ukiona pua ya Fuso inatokeza, simama kabisa upande wako, usijaribu kupenya. Desturi ya mlima ni kumpa nafasi anayepanda, kwa kuwa kuondoka upya kwenye mwinuko ni kazi, lakini mwenye mzigo mzito anayeshuka usimtegee desturi.

Kabla tu ya Soni, maporomoko ya maji yanaonekana kutoka barabarani. Soni yenyewe ni soko la matunda na mboga, na njia panda ya kwenda Bumbuli. Nunua karoti, peasi, na plamu zikiwa za msimu, ila nunua ukiwa unashuka, si unapopanda, zisikae siku mbili garini. Msimu wa mvua, barabara hii huangusha mawe na wakati mwingine udongo mzima. Ukikuta kokoto mpya zimetapakaa kwenye lami, usisimame hapo kupiga picha. Tazama juu, pita taratibu, endelea.

Lushoto kaa usiku mbili. Siku ya katikati nenda Irente, kama kilomita sita kutoka mjini, ambako mlima unakatika ghafla na unaiona Mombo na tambarare ya Masai chini kabisa. Nenda asubuhi baada ya ukungu kuondoka au jioni kabla haujarudi. Saa sita mchana joto la bondeni hufanya kila kitu kuwa na ukungu mweupe. Njiani kuna shamba la Irente la KKKT wanakouza jibini, mkate na jamu za huko huko. Kwa wapenda miguu, msitu wa Magamba unatosha siku nzima. Beba sweta kweli, hasa Juni hadi Agosti.

Kushuka ndiko kunakoamua kama hii ilikuwa safari au ajali. Sheria ni moja: gia ishikilie gari, breki isaidie. Shuka na gia ileile uliyopandia. Manyuo, ya pili au ya tatu. Otomatiki ya kawaida weka 2, au L kwenye kona kali. Zenye CVT tumia B au S. Injini itapiga kelele kwa mizunguko 3,000 hivi, na hiyo ni sawa, haiharibiki. Ukihitaji breki, kanyaga kwa nguvu, punguza mwendo, achia kabisa ili diski zipate hewa. Kinachoua breki ni mguu uliowekwa juu ya pedali kidogo kidogo kwa kilomita kumi. Ukisikia harufu kama ya kitambaa kilichoungua, au pedali ikianza kwenda chini kuliko kawaida, simama sehemu tambarare, weka gia au P, kinga tairi kwa jiwe, na subiri dakika 30. Usimwagie maji. Diski ya moto ikimwagiwa maji inapinda, na kutoka hapo usukani utatetemeka kila ukishika breki mpaka uibadilishe. Kamwe usiweke N kwenye mteremko kwa nia ya kubana mafuta. Gari la kisasa likishushwa na gia halimwagi mafuta karibu kabisa, kwa hiyo unachookoa ni sifuri.

Tanga na Pangani

Kutoka Lushoto hadi Tanga ni kama kilomita 165, lami yote, na ni siku nyepesi. Baada ya Segera utaivuka Hale, ambako Mto Pangani unaendesha mitambo ya umeme. Uangalie mto huo vizuri, maana kesho yake utauvuka mdomoni kabisa. Muheza ni machungwa. Mwenye siku ya ziada na gari la juu anaweza kuchepuka kwenda msitu wa Amani, mahali Wajerumani walipoanzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, lakini barabara yake ni ya udongo na mvua ikinyesha inateleza.

Tanga mjini jaza tenki mpaka juu. Hili lisiwe la hiari. Kutoka hapo hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 200, sheli ni za kubahatisha, na petroli ya kwenye chupa vijijini mara nyingi ina maji au vumbi. Uchafu huo unaziba chujio la mafuta siku hiyo hiyo. Bei kikomo za EWURA hutoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Tanga ina bei yake kwa kuwa ina bandari yake. Angalia kabla ya kuamua ujaze wapi kwa wingi. Kwa gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita, mzunguko mzima unakula kama lita 85, ongeza kumi za mlima na mchanga.

Mapango ya Amboni yako karibu na mji kwa upande wa barabara ya Mombasa, na saa mbili zinatosha. Magofu ya Tongoni, msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, yako njiani kuelekea Pangani, na nusu saa ya kusimama hapo inastahili.

Tanga hadi Pangani ni kilomita 50. Sasa unaingia kwenye mradi mkubwa wa lami wa Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo, kilomita 256 kwa jumla, pamoja na daraja la Pangani la mita 525. Umejengwa kwa vipande, kwa hiyo utakuta lami laini, halafu kifusi, halafu mchepuko wa vumbi unaopita pembeni ya shimo la kalavati. Usiku usipite. Lundo la kifusi lisilo na taa halionekani mpaka uko mbele yake, na baiskeli za huko hazina taa pia. Mashamba ya mkonge na minazi yatakusindikiza muda mrefu. Bahari yenyewe huioni kutoka barabarani mara nyingi kama picha za mitandaoni zinavyodai, na ni vizuri kulijua hilo mapema. Bahari unaifuata kwa kuchepuka.

Pangani mji ni mdogo, mkongwe, na umechoka kwa namna inayogusa moyo. Hapa ndipo Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani kuanzia mwaka 1888, alinyongwa Desemba 1889. Zunguka kwa miguu na mwongozo wa hapo hapo, Boma na nyumba za zamani, halafu ulale huko au ng'ambo Ushongo, kama kilomita 16 kusini. Kutoka Ushongo mashua huenda kisiwa cha Maziwe, ambacho ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kuzama yakijaa. Ratiba ya mashua inafuata maji, si saa yako. Uliza jioni ya kabla.

Ukivuka kwa pantoni, fika asubuhi. Nafasi ni ya magari machache, na lori moja la saruji linaweza kumaliza nafasi yote. Maji yakiwa yamepwa, hasa siku za bamvua, ngazi ya kupandia inakuwa na mteremko mkali. Gari la chini liingie kwa pembeni kidogo, tairi moja litangulie, ili bampa la mbele lisikwaruze chuma. Abiria washuke, watembee. Dereva afungue kioo na afungue mkanda wakati wa kuvuka, apige breki ya mkono, aache gia imeingia. Kutoka upande wa pili, subiri ishara ya mhudumu, usiondoke kwa kuwa gari la nyuma linapiga honi.

Bweni hadi Saadani

Hiki ndicho kipande kinachotenganisha wanaojua na wanaobahatisha. Kuna aina mbili za ardhi na kila moja ina dawa yake. Mchanga mlaini karibu na pwani: punguza upepo wa matairi hadi PSI 18 au 20, weka gia ya pili, usisimame, usikate usukani ghafla. Ukikwama, usikanyage mafuta. Tairi linachimba kaburi lake. Toa mchanga mbele na nyuma ya matairi yote manne, rudi nyuma kwa mkondo wako mwenyewe, ujaribu tena. Ukifika ardhi ngumu jaza upepo mara moja, maana tairi laini kwenye changarawe linapasuka ubavuni.

Aina ya pili ni udongo mweusi. Ukiwa mkavu unapita kama sakafuni. Ukilowa, unajaa kwenye meno ya tairi, tairi linakuwa duara laini, na hata foo wili inateleza ubavu kwa ubavu. Hapo kupunguza upepo hakusaidii sana. Dawa ni kutoingia. Ukiona madimbwi yanang'aa kwenye udongo mweusi na hakuna alama ya tairi ya leo, geuza.

Eneo la Mkwaja lilikuwa ranchi ya ng'ombe iliyofungwa mwaka 2000, na moja ya vilivyoishinda ni mbung'o. Bado wapo. Funga vioo, na usivae bluu iliyokoza wala nyeusi, rangi zinazowavuta. Saadani ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ni hifadhi pekee nchini yenye tembo, twiga na ufukwe wa bahari pamoja. Getini hawapokei fedha taslimu: lipa kwa kadi au kwa namba ya malipo, na kwa kuwa mtandao wa simu hukatika, omba namba na ulipe mapema ukiwa bado Tanga au Pangani. Ingia asubuhi ili utoke kabla ya saa 12 jioni. Ndani, mwendo ni wa polepole, na kushuka garini ni pale palipoelekezwa tu, hata kama ufukwe unakuita.

Kutoka Saadani, ukiambiwa njia ya moja kwa moja kwenda Makurunge iko sawa, ifuate. Kama kuna shaka, tokea Mandera, kama kilomita 60, kisha urudi Msata na Bagamoyo kwa lami. Ni mzunguko kidogo, lakini unafika.

Kuhusu gari la kukodi, soma mkataba kabla ya kulipa. Uliza maswali matatu kwa maandishi: bima kubwa inahusu barabara ya udongo? Inahusu gari likiwa kwenye pantoni? Kuna kikomo cha kilomita kwa siku? Mikataba mingi ya Dar inaweka kikomo kisichofika nusu ya safari hii, na kila kilomita ya ziada inalipiwa. Piga picha za gari pande zote nne, matairi, dashibodi na tairi la akiba kabla hujaondoka kwenye ofisi yao.

Bagamoyo siku ya mwisho ipe asubuhi nzima: magofu ya Kaole, Mji Mkongwe, na misheni ya mwaka 1868. Toka saa nane mchana, uwe umepita Bunju kabla ya saa kumi. Ukifika nyumbani, kesho yake osha tumbo la gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa kama uliendesha ufukweni au maji ya pantoni yalikurukia, kisha mwambie fundi afungue matairi ya mbele apime pedi. Mlima wa Soni unaweza kumaliza pedi zilizokuwa zinaonekana bado zina maisha.